Harufu Nyuma ya Kufuli

Uwera alikuwa na pua. Shule aliishia darasa la sita, lakini pua yake haikuishia popote. Tangu angali mtoto, kwao milimani Kivu Kusini, mama yake alikuwa akimpa kibuyu kilichooshwa na kufukizwa moshi, akimwambia: nusa. Naye alinusa, akasema kama kimekubali maziwa au bado. Hakukosea hata mara moja. Hata walipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakapewa kiwanja na maturubai, watu walimjua kwanza kwa hilo: yule binti mrefu anayenusa sahani kabla ya kula.

Kwa hiyo fikiria mtu wa namna hiyo, anauza maziwa katika chumba chake cha mbele, na chumba hicho kinaanza kunuka.

Ilianza Jumatatu, kidogo tu, kama kitambaa kilichosahaulika kwenye beseni. Jumanne harufu ikapata utamu ndani yake, utamu mbaya ule unaokaa nyuma ya ulimi usitoke hata ukitema. Jumatano asubuhi Élyse, binti yake wa mwaka mmoja na nusu, alitapika uji wote begani mwa mama yake. Uwera hakuhitaji kutafuta. Alijua inatoka wapi. Ilitoka kwenye mashine ya Muhire.

Muhire ni mumewe. Miaka miwili nyuma, kabla hajaenda Juba kutengeneza simu za watu, alinunua mashine ya michezo kutoka hoteli moja ya Mbarara iliyokuwa inafungwa. Ni kabati kubwa la mbao, refu kuliko mtu, lina kioo kama cha televisheni ya zamani, kijiti cha kushika na vitufe sita, na pembeni picha ya ngumi iliyochubuka. Unatia sarafu, ngumi zinapigana. Vijana walijaa siku hizo, wakipiga vitufe kwa vidole vyenye mafuta ya chapati, wakitema mate chini, na Uwera akipita nyuma yao na ufagio akiwa amebana pumzi. Muhire aliogopa mashine kuibwa, akaifunga sakafuni kwa bolti nne. Bolti zenyewe ziko ndani ya kabati, na mlango wa kabati uko nyuma, na mlango una kufuli dogo la mviringo, dogo kama kifuniko cha soda.

Muhire alipoondoka, Uwera alianza kuuza maziwa katika chumba kilekile. Meza, madebe mawili, vikombe, mabenchi. Mashine ikabaki pembeni. Msimu wa mvua uliopita ilizimika yenyewe, haikuwaka tena, na watu wakaigeuza kuwa mahali pa kuegemea mgongo.

Aliyependa kuegemea kuliko wote ni Georgette, jirani yake muuza nyanya, mwanamke wa sauti. Jumatano hiyo alikuja kama kawaida, akaketi benchi la mashine, akavuta ncha ya kitenge akajiziba pua, huku mkono wa pili umenyoosha kikombe kijazwe.

"Mama Élyse, eh! Apa ndani munachinjaka nini?" aliuliza kwa nguvu, ili na wa nje wasikie. "Ao ni maziba njo inaoza? Sema tu, siye atuko polisi."

"Ni mashini. Kuko kitu imekufia ndani."

"Kila siku mashini, mashini! Mashini inakulaka? Inakunyaka?" Wanawake wengine wakacheka. "Mwanamuke akichoka kuosha, aseme, tutamusaidia kuosha."

Uwera alimjazia kikombe. Aliona ukingo wa kitenge kile, jinsi ulivyokuwa mweusi kwa ukoko wa nyanya, na ndio huo Georgette aliouweka puani kujikinga na uchafu wa wengine. Alitazama pembeni.

Saa tatu alifika mwenye maziwa. Watu wote walimwita Mukecuru, kwa heshima ya uzee wake, ingawa jina lake ni Nyiransengimana. Ana ng'ombe kumi na mmoja ng'ambo ya kijiji, hukamulia kwenye vibuyu vilivyofukizwa, na kila asubuhi huleta maziwa mwenyewe, ameketi upande kwenye boda, madumu yamefungwa nyuma yake. Siku hiyo alishuka, akafika mlangoni, akasimama. Hakuvuka kizingiti.

"Uwera, mwanangu."

"Karame, Mukecuru," aliitika.

"Kuja apa inje." Uwera akatoka na mtoto mgongoni. Mzee alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele za Georgette. "Maziba ya ng'ombe zangu haiwezi kulala nyumba moja na maiti. Unajua vile. Wewe ulikomalia mu maziba."

"Ninajua, Mukecuru."

"Leo nitakuachia, juu nimekwisha kufika. Siku ya posho asubuhi nitarudia. Kama ingali inanuka, nitapeleka kwa wengine, na sitarudi tena. Si kwa hasira. Ng'ombe nazo ziko na heshima yake."

Siku ya posho ni Jumamosi. Uwera alibaki amesimama uani, Élyse akimvuta sikio. Bila maziwa ya Mukecuru hakukuwa na kazi, na nani mwingine angempa mwanamke aliyeachwa na Mukecuru kwa sababu ya kunuka? Neno hilo lingekwenda mbele yake kila kijiji cha Nakivale.

Alimpigia Muhire.

"Kuvunja hapana!" Muhire alipiga kelele toka Juba kana kwamba simu haina waya wala mnara. "Uwera, unasikia? Ile mlango njo moyo ya mashini. Ukivunja ile mbao, nani atanunua?"

"Kitu kimefia ndani, Muhire. Mtoto anatapika."

"Kitakauka tu, kitatoka."

"Kitatoka na miguu gani?"

Ufunguo, Muhire alisema, haupo. Ulikuwa kwenye begi walilomwibia mpakani. Lakini kuna njia. "Angalia ku sura ya kufuli. Kuko namba. Ile namba njo jina ya funguo. Funguo za bile bimashini hazichongwi mupya, zinatafutwa na namba. Peleka namba Mbarara, fundi atakupa. Ni kitu ya dakika tano."

Uwera alijibana kati ya ukuta na mashine, kitambaa kimefungwa puani, akawasha tochi ya simu. Inzi wanne wa kijani walikuwa wamekaa kwenye tundu la ufunguo, wanasubiri. Aliwafukuza. Uso wa kufuli uling'aa, umejaa mikwaruzo ya tupa. Hakukuwa na namba.

Hapo akakumbuka.

Mashine ilipoletwa, kanisa halikufurahi. Ngumi, picha, kelele. Kisha mtu mmoja akaona kwamba kufuli lina namba, na katika namba ile tarakimu ya sita imefuatana mara tatu. Jioni hiyohiyo shemasi Semahoro alikuja na tupa yake ya kunolea mapanga. Aliikwangua namba ya mnyama wa Biblia nusu saa nzima, jasho likimtiririka, mama wa kwaya wakiimba nje. Na aliyemmulikia tochi alikuwa nani? Uwera mwenyewe. Alimpa hata maziwa baadaye, kikombe kizima, kwa shukrani.

Akamfuata Semahoro, aliyekuwa anapigilia misumari kiti cha kanisa.

"Baba Shemasi, ile namba ya kufuli. Mbele ya zile sita kulikuwa namba gani?"

Semahoro akaweka nyundo chini. Ni mtu mwema, mpole, mwenye meno makubwa. "Sikuiangalia, mwanangu. Ile kitu haiangaliwi. Nilifunga macho."

"Ulikwangua tupa na macho imefungwa?"

"Nilikuwa nayafungua kidogo kidogo, kuona fasi ya vidole yangu."

"Na haukuona?"

"Niliona vidole," alisema Semahoro kwa unyofu.

Alhamisi, Uwera alimfunga Élyse mgongoni, akaenda Mbarara. Aliulizia mitaa ya Kakoba mpaka wakamwonyesha fundi wa funguo aitwaye Benon, aliyefanyia kazi chini ya ngazi ya duka la magodoro. Pale chini ya ngazi ukuta haukuonekana. Ulijaa waya, na kila waya umening'iniza funguo kama samaki waliotungwa: za madroo, za masanduku, za makabati ya ofisi zilizokwisha kufa. Benon mwenyewe alikuwa na funguo tano mdomoni. Zilining'inia kwenye midomo yake kama makucha ya kuku, na alizungumza kwa kuzizunguka.

"Nyabo, karibu mama. Unataka nini?"

Uwera akaeleza. Benon alisikiliza huku akitoa ufunguo mmoja mdomoni, ukiwa na uzi wa mate, akausugua kwenye nywele zake ili upate mafuta, akaupeleka kwenye kufuli lililokuwa mbele yake. Haukuingia. Akaurudisha mdomoni.

"Kufuli ya mashini ya zamani, najua," alisema Benon. "Hiyo kitu, bazungu walikuwa wanatengeneza nyingi na funguo moja. Ukiwa na namba, kazi kidogo tu. Namba iko wapi?"

"Imekwanguliwa."

"Nani alikwangua? Mwizi?"

"Shemasi."

Benon akatoa funguo zote mdomoni ili acheke vizuri. "Banange! Juu ya nini?"

"Ilikuwa na sita tatu."

"Eeh! Basi mungemwacha Shetani na funguo yake, angekuja kufungua mwenyewe!" Akacheka mpaka muuza magodoro akachungulia. Kisha akaona uso wa Uwera, na mtoto aliyelala na alama za chumvi ya machozi mashavuni, akapunguza. "Kale, basi, nyabo, pole. Mimi niko na funguo nyingi za sita tatu. Namba ya mbele ndiyo inaleta shida. Lakini sikiliza. Ile hoteli ilikuwa na mashini mbili, ndugu na ndugu, kufuli moja. Ya pili iko Makenke, kwa Gorret, ile kantini inaangalia geti ya jeshi. Enda usome namba pale. Kama nayo haijaokoka, ikakwanguliwa."

Makenke, mbele ya kambi, kuna safu ya vibanda vya wake wa askari. Kantini ya Gorret ilionekana kwa moshi. Ni mwanamke mnene, mke wa sajini, mwenye bandana na kisu. Na mashine ilikuwepo kweli, ndugu wa ile ya Muhire, ngumi ileile ubavuni, ila hapa iligeuzwa meza ya kukatia nguruwe. Juu yake kulikuwa na kichwa kizima, masikio yamesimama, na utumbo umewekwa kwenye trei ya chai. Damu ilikuwa imeshuka mbele ya kioo na kukauka, siku juu ya siku, mpaka kioo kimekuwa cha kahawia. Askari watatu walikuwa wanakula wamesimama.

"Wewe mama, unatafuta nini hapo nyuma?" Gorret aliuliza. "Hiyo mashini haiuzwi."

"Sitaki kununua, dada. Nataka kusoma namba tu, kwenye kufuli."

"Kusoma?"

"Namba tu."

"Haya, mwalimu amefika!" askari mmoja akasema, mdomo umejaa. "Simameni, wanafunzi!"

"Nani alikutuma? Wewe ni wa kodi?" Gorret hakucheka.

"Mimi ni wa Nakivale. Niko na mashini kama hii, kitu imefia ndani, funguo hakuna. Nauza maziwa."

Gorret alimtazama, akamtazama mtoto, akanyoosha kisu kuelekea nyuma ya mashine. "Soma. Lakini usiangushe kichwa yangu."

Uwera akainama. Kufuli halikuonekana. Mahali lilipotakiwa kuwa palikuwa na uvimbe mweusi, mafuta ya nguruwe ya miaka yaliyochanganyika na masizi, mazito kama dawa ya viatu, na ndani yake nywele fupi ngumu. Yeye ambaye kwao hawakuwahi kumgusa mnyama huyo hata kwa kijiti. Alitafuta kitu cha kukwangulia. Hakukuwa na kitu. Akachomeka ukucha.

Yalitoka kwa vipande, yakaingia chini ya ukucha, ya uvuguvugu kwa sababu ya jiko lililokuwa karibu. Alipumua kwa mdomo. Élyse aliamka akaanza kulia mgongoni, naye akawa anamtikisa kwa nyonga huku anakwangua, anamwimbia polepole wimbo wa kulaza ng'ombe, na askari nao wakaacha kucheka, hakujua kwa nini. Mwishoni chuma kikaonekana. Nne. Sita. Sita. Sita.

"Afande, niazime kalamu," alisema. Akaandika mkononi, juu ya kifundo, mbali na vidole.

"Umeona?" Gorret aliuliza. Akakata kipande cha nyama, akakinyoosha kwa ncha ya kisu. "Chukua, mpe mtoto nguvu."

"Asante, dada. Sisi hatuli."

"Eeh, mulokole!" alisema Gorret, lakini bila ubaya, na akammiminia maji ya moto na sabuni ya unga kwenye vidole. Uwera alisugua mpaka ngozi ikauma. Harufu haikutoka. Aliisikia kila alipomwinua mtoto kumnyonyesha, ikambidi amnyonyeshe mkono ule mmoja ukiwa umenyooshwa pembeni kama si wake.

Benon aliisoma namba mkononi, akapiga mluzi, akaupekua waya wa tatu, akatoa ufunguo. Kiufunguo chembamba, cha rangi ya shaba, hakina hata urefu wa kidole. Kabla Uwera hajanyoosha mkono, alikwisha kukitia mdomoni, akakizungusha, akakisugua kwenye nywele.

"Kikupe bahati," alisema, akampa kikiwa kimelowa.

Uwera alikipokea kwa karatasi ya daftari, akaikunja mara nne.

Ijumaa asubuhi alimpeleka Élyse kwa mama mmoja wa kwaya, akamwita Semahoro. Shemasi alikuja na spana na Biblia.

"Tuombe kwanza," alisema.

"Utaomba ukiwa umeshika ndoo, Baba Shemasi," alisema Uwera, akampa ndoo.

Ufunguo uliingia, haukuzunguka. Vumbi la chuma, lile la tupa ya Semahoro, lilikuwa limekaa ndani miaka miwili likashikana na kutu. Uwera hakutaka kulazimisha, usije ukakatikia ndani. Akaleta samli kwenye ncha ya unyoya wa kuku, akaipaka tunduni, akangoja, akapaka tena. Mara ya nne ufunguo ukanguruma, ukazunguka. Mlango ukafunguka wenyewe, kana kwamba kulikuwa na mtu ndani anausukuma.

Semahoro alitapika kabla hata hajaona. Alikimbia nje, na ndoo yake.

Uwera alibaki. Macho yalimwaga machozi kwa ukali wa ile harufu, akayafuta, akamulika. Panya alikuwa kwenye nyaya, mkubwa, jike, amevimba. Chini yake kwenye nyuzinyuzi za karatasi kulikuwa na watoto wanne wekundu, hata manyoya hawajaota, wamekufa wakimtafuta. Funza walikuwa wanafanya kazi yao. Uwera aliwatazama wale watoto kwa muda. Hakuwachukia. Alileta kipande cha kitenge kikuukuu, akawakusanya wote pamoja na mama yao, akawafunga.

Kilichomfanya akose pumzi si panya. Ni kile kilichokuwa chini ya panya.

Sakafu ya kabati ilikuwa na gamba. Gamba jeupe lenye umanjano, unene wa vidole vitatu, limepasukapasuka kama matope ya bwawa lililokauka, na katika nyufa zake kulikuwa na majimaji ya kijani. Alifikiri ni dawa ya betri. Kisha akasogeza pua, ile pua yake. Chini ya uozo wote ule kulikuwa na kitu alichokijua kama anavyoijua ngozi ya mtoto wake. Moshi wa kibuyu.

Ni maziwa. Maziwa ya Mukecuru.

Akamulika juu. Mgongoni mwa mashine, karibu na kichwa, kuna matundu marefu ya kupitisha hewa. Kutoka kwenye kila tundu michirizi ilishuka ubaoni hadi chini, myeupe, ya zamani juu ya mipya, kama njia za mvua kwenye ukuta wa udongo. Si tundu moja. Yote, upana mzima wa kabati, upande wa benchi hili na upande wa benchi lile.

Akaelewa. Kwao maziwa hayamwagwi chini. Hata tone likidondoka unalifuta kwa kidole ukalamba. Na huwezi kurudisha kikombe kikiwa na maziwa ndani. Ni kumwambia mwenye nyumba kwamba yake hayanyweki. Naye Uwera alijaza vikombe mpaka ukingoni, kama alivyofundishwa. Basi aliyeshiba afanye nini? Aliyekunywa chai kwake kabla hajaja, aliyeagiza tu ili apate kuketi na kusikia habari, afanye nini na nusu ya kikombe? Hakumwaga chini, la. Alisimama akaegemea mashine, akainua mkono kama anayejinyoosha, akaupitisha nyuma, akamimina kwenye tundu. Si ardhi. Si kurudisha. Dhambi haipo. Kisha akarudisha kikombe kitupu, akasema, asante Mama Élyse, tumeshiba.

Mwaka mzima. Ndiyo maana mashine ilizimika. Ndiyo maana panya walikuja, na pua yake, iliyozoea chumba kunuka maziwa, haikushtuka mpaka panya alipooza. Na walewale ndio waliojiziba pua kwa vitenge.

Uwera alitoka nje, akasimama karibu na Semahoro aliyekuwa ameinama bado, akatapika naye. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kwa mafuta ya nguruwe hakutapika, kwa mate ya Benon hakutapika, hata kwa funza.

Walifanya kazi mpaka jioni. Semahoro alirudi, hilo tusimnyime. Alijifunga shati usoni, akafungua bolti nne moja baada ya nyingine, akiomba kwa sauti safari hii na hakuna aliyemkataza. Waliikokota mashine uani kwa magogo ya kuviringisha. Uwera alikwangua sakafu, akamwaga majivu, akafagia, akasugua kwa maji moto, akafukiza chumba kwa nyasi zilezile za kufukizia vibuyu. Gamba la ndani ya kabati hakulimaliza. Mikono ilimkatalia.

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Walijua Mukecuru anakuja kuhukumu, na hukumu ya mtu mwingine ni kitu kizuri kutazama asubuhi. Georgette alisimama mbele kabisa, vikombe viwili mkononi, kimoja cha akiba.

Boda ikafika, madumu yamefungwa nyuma. Mukecuru alishuka, akaenda moja kwa moja mlangoni, na safari hii akavuka. Alisimama katikati ya chumba, kichwa juu, macho yamefungwa. Alinusa pembe moja, akanusa nyingine. Alikwenda kwenye madebe, akatia kidole ndani ya debe tupu, akanusa kidole.

"Kunanuka muzuri," alisema Mukecuru. "Ilikuwa nini?"

"Panya, Mukecuru. Na watoto yake."

"Panya alikuwa anakula nini mule?"

Mzee akamtazama Uwera, kisha akatoka, akaizunguka mashine iliyokuwa juani mlango wazi, akainama kwa shida. Aliingiza fimbo, akabandua kipande cha lile gamba, akakishika kwa vidole, akakipeleka puani. Uwera aliona mdomo wake ukitetemeka kidogo, kama wa mtu aliyeonyeshwa nguo ya marehemu.

"Iyi ni maziba yangu," alisema.

Uani watu wakashusha vikombe vyao.

"Nani?"

Watu wakaangalia miguu yao. Georgette alikohoa. "Pengine ni panya banaibaka, Mukecuru, banapeleka ndani..."

"Banapeleka na kikombe?" Mukecuru hakumgeukia. "Uwera. Ni nani?"

Lilikuwa neno jepesi kusema. Uwera alilisikia likiwa tayari mdomoni. Alimtazama Georgette, kisha aliyesimama nyuma yake, kisha wa nyuma ya huyo, yule anayeketi benchi la dirishani, yule wa kona, mama wa kwaya na dada wa huyo mama. Kila mmoja alikuwa amegeuza uso upande wake.

"Siwezi kutaja moja, Mukecuru," alisema. "Michirizi ni mingi. Ni hawa bote."

Mukecuru akaifuta mikono kwenye nguo yake, polepole. Hakupiga kelele. Alirudi ndani, akavuta kiti, akaketi katikati ya chumba, fimbo kati ya magoti.

"Mimina," alimwambia Uwera. "Na ninyi, ingieni. Moja moja. Kila mutu anywe apa mbele yangu, mpaka chini. Nikione kikombe."

Waliingia. Wakanywa. Sauti ilikuwa ile tu ya koo zinazomeza, koo baada ya koo. Georgette alipofika alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akanywa. Koo lake lilipanda na kushuka, tone likamshuka kidevuni, naye kwa haraka, mbele ya macho ya Mukecuru, akalifuta kwa kidole akalamba. Akageuza kikombe kionekane kikavu.

"Asante, Mama Élyse," alisema. "Tumeshiba."

Uwera alipokea kikombe kwa vidole viwili. Ilimbidi atoke nje, asimame uani, apumue.

Mukecuru alimkuta huko. "Kesho nitaleta madumu mawili kama siku zote," alisema. "Wewe uko mutu safi. Sijui juu ya hawa." Akapanda boda yake, akaketi upande, akaenda.

Tangu siku ile Uwera humimina nusu kikombe. Anayetaka zaidi hunyoosha tena na kuomba, naye humwongezea, nusu nyingine, na husimama palepale mbele yake mpaka anywe. Kuna waliosema amekuwa mchoyo, amejifunza tabia za mjini. Georgette alisema hivyo kwa sauti, sokoni. Uwera alisikia. Kesho yake aliosha vikombe vyote mara mbili, akavinusa kimoja kimoja, kisha akamnywesha Élyse wa kwanza, kabla hajafungua mlango.